Bibi Kate Meyrick, Mama wa Watoto Wanane Aliyepimana Nguvu na Polisi wa London

Msomaji, ukiwa ni mtu wa kulala mapema baada ya sala ya Isha, kama nilivyo mimi, huenda jina la Bibi Kate Meyrick halijapata kukupitia sikioni. Lakini huko kwa Mwingereza, katika miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, jina hilo lilikuwa midomoni mwa wakubwa na wadogo. Mahakimu walilijua, mawaziri lilikuwa likiwaumiza kichwa, na vijana wa nyumba za kitajiri walilitaja kwa kicheko walipokuwa wakitafuta pa kwenda usiku ukisha kuwa mkubwa. Magazeti yalimwita malkia wa vilabu vya usiku. Malkia huyo alifungwa mara tano katika jela ya wanawake ya Holloway, na kila alipofunguliwa alirudi pale pale alipotolewa.

Leo nataka kukusimulia habari zake. Sina nia ya kuisifu pombe, maana mimi sikulelewa nayo wala sijaionja. Nia yangu ni kuonyesha mambo yanavyokwenda pale serikali inapojitwalia kazi ya kuwalinda watu wazima wasiharibike tabia, na ikawapa askari saa na filimbi waifanye kazi hiyo.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1875 huko Ireland, karibu na mji wa Dublin, na jina la ukoo wake lilikuwa Nason. Baba yake alikuwa daktari, naye akafariki mapema. Mama pia hakukaa sana duniani, basi mtoto akalelewa na nyanyake. Ulikuwa ni ukoo wa watu wenye heshima zao, na binti akasomeshwa kama walivyosomeshwa mabinti wa namna yake. Husimuliwa kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza Ireland kuonekana juu ya baiskeli, na mwenyewe alipenda sana watu waisadiki habari hiyo. Ikiwa ni kweli au ni chumvi ya masimulizi, inatuonyesha alivyopenda kujitazama: mtu asiyengoja kupewa ruhusa.

Mwaka 1899 aliolewa na daktari, Bwana Ferdinand Meyrick, wakahamia Uingereza. Wakajaliwa watoto wanane. Wakati wa vita, mume na mke walikuwa Brighton, mji wa pwani, na huko waliendesha nyumba ya kuuguzia askari waliorudi kutoka mahandakini hali wamerukwa na akili kwa mishindo ya mizinga. Bibi huyu aliwaona vijana waliokuwa wakitetemeka wakisikia mlango unafungwa. Baadaye alipokuwa akiwafungulia vijana wengine milango ya vilabu vyake, wengi wao walikuwa ni wale wale waliotoka vitani, na hawakutaka kuulizwa wala kukumbushwa. Walitaka ngoma, taa, na asubuhi isifike.

Ndoa ilivunjika vita vilipokuwa vinamalizika. Mwaka 1919 Bibi Meyrick alijikuta yumo London, umri miaka arobaini na mitatu, hana kazi aliyojifunza, na nyuma yake kuna watoto wanane wanaotaka kula na kusoma. Mali yake yote haikuzidi pauni 50. Ndipo alipoona tangazo gazetini: mtu mmoja anatafuta mshirika mwenye pauni 50, waanzishe dansi za wakati wa chai. Hebu fikiri, pauni hamsini kwa hamsini, kama kwamba tangazo liliandikwa kwa jina lake. Akaenda.

Kilabu cha kwanza kiliitwa Dalton's, kilikuwa Leicester Square, mahali palipojaa majumba ya michezo. Dansi za chai zikageuka kuwa dansi za usiku, na wateja wakaja makundi kwa makundi. Haikupita muda polisi wakaingia, na mwanzo wa mwaka 1920 bibi akasimama kortini kwa mara ya kwanza. Hakimu akatumia maneno makali juu ya mahali pale, akampiga faini. Mwanamke wa kiungwana aliyelelewa na nyanyake mwenye kitabu cha sala mkononi angaliweza kuingiwa na haya siku ile, akaacha. Yeye alipiga hesabu. Faini ilikuwa pauni 25, na pato la kilabu lilizidi hapo kwa mbali.

Hapa lazima nisimame kidogo nieleze sheria yenyewe, maana bila ya kuijua sheria hutaelewa kwa nini bibi huyu alipata mali na kwa nini alifungwa.

Kabla ya vita, London ilikunywa karibu saa zote. Vita vilipoingia mwaka 1914, serikali ilikata saa za kuuza vileo, ikihofu kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha watalewa na risasi zitapungua. Vita vikaisha, viwanda vya risasi vikafungwa, lakini saa hazikurudi kama zilivyokuwa. Sheria ya mwaka 1921 ikaweka London mwisho wa kuuza kileo kuwa saa tano ya usiku, na aliyeketi mezani akila chakula akaongezewa saa moja. Baada ya hapo, kuuza gilasi moja ya mvinyo ni kosa. Chupa ile ile iliyouzwa kwa halali saa tano kasorobo ilikuwa ni ushahidi wa jinai saa sita na robo.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kuambiwa sana. Sisi nasi tuliletewa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliipa jina la Mututho kwa ajili ya mbunge wa Naivasha aliyeisimamia. Nayo ilitaka baa zifungwe saa tano ya usiku, na kila mtu anajua yaliyokuwa yakitokea saa tano na dakika kumi kwenye milango ya nyuma.

Basi turudi London. Kulikuwa na jambo jingine katika sheria. Kilabu kilichoandikishwa kilihesabiwa kama nyumba ya wanachama, na polisi hawakuwa na haki ya kuingia kama wanavyoingia baa. Ilibidi wapate kibali cha hakimu, na hakimu alitaka ushahidi, na ushahidi ulikuwa ndani. Kwa hiyo polisi wakawavisha askari kanzu nguo za kifahari, wakawapa fedha za serikali, wakawatuma wajiunge na kilabu, wacheze dansi, waagize shampeni baada ya saa, wanywe, wahesabu. Halafu kesho yake waandike ripoti. Hodari wa kazi hii alikuwa ni yule aliyeweza kunywa chupa nzima kwa gharama ya mlipa kodi na bado akakumbuka saa ngapi gilasi ya mwisho ilimiminwa.

Mwaka 1921 Bibi Meyrick alifungua kilabu kilichomletea jina. Kilikuwa nyumba namba 43, mtaa wa Gerrard, na hakikuwa na jina jingine ila nambari hiyo, The 43. Sisi washairi tuna sababu ya kuutaja mtaa huo, kwa kuwa mshairi mkubwa wa Kiingereza John Dryden aliishi hapo na akafia hapo mwaka 1700, na ukutani pa nyumba hiyo kulikuwa na kibao cha kumkumbuka. Chini ya kibao cha mshairi ndipo matajiri walipokuwa wakishuka kwenye magari yao.

Ndani hapakuwa na fahari kubwa. Ukumbi wa dansi ulikuwa mdogo, bendi ilipiga mpaka karibu na alfajiri, na wasichana walikuwapo kwa ajili ya kucheza na wateja waliokuja peke yao. Mlangoni, kwenye kijimeza cha keshia, aliketi mwanamke mfupi mwembamba, amevaa nguo zisizoonyesha mali, anapokea ada ya kiingilio kwa mkono wake. Mgeni angedhani ni mtumishi. Ndiye mwenye nyumba. Alimjua kila anayeingia, baba yake nani, ana deni gani, na cheki yake itapita benki au haitapita. Waliokanyaga pale ni wengi: wachoraji na wachongaji kama Augustus John na Jacob Epstein, mwandishi Joseph Conrad, wana wa wafalme wa Ulaya, maofisa wa jeshi, waigizaji, na pia wahuni wa mbio za farasi waliokuja kutaka kodi ya nguvu, ambao inasemekana bibi aliwakabili mwenyewe pale mezani bila ya kuinuka.

Faida ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ile saa iliyokatazwa. Chupa iliyouzwa baada ya saa bei yake ilipanda, kwa sababu mnunuzi hana pengine pa kwenda. Sheria ilipoipiga marufuku saa ile, ndipo saa ile ilipopata thamani, na Bibi Meyrick akawa mfanyabiashara wa saa. Kwa fedha hizo wanawe wawili wa kiume walisoma Harrow, skuli waliyosoma mawaziri, na mabinti wakapelekwa Roedean, skuli ya mabinti wa matajiri. Watoto walikuwa wakijifunza Kilatini na adabu za mezani kwa fedha za shampeni ya saa tisa za usiku. Waliomlaumu walilitaja jambo hilo kama unafiki. Mimi naliona kuwa ni jambo la mama mwenye watoto wanane, aliyeachwa na mume, katika nchi ambayo mwanamke wa tabaka lake hakuwa na kazi nyingi za kumpa mshahara wa kulea hata watoto wawili.

Lakini haki lazima isemwe kwa pande zote. Wasichana wale wa kucheza na wateja waliishi kwa bahashishi, na hatari haikuwa mbali nao. Mwezi wa Machi 1922 msichana mmoja wa kazi hiyo katika vilabu vya London, Freda Kempton, alikufa kwa kokeini, na nchi nzima ikashtuka. Wazazi waliogopa, na hofu yao haikuwa ya kutungwa. Hata mimi ningekuwa na binti London siku hizo ningeomba Mungu asipite mtaa wa Gerrard. Swali langu ni kama dawa waliyoichagua wakubwa ilimfikia yule mgonjwa.

Polisi waliingia The 43 mwaka 1922, wakaingia tena mwaka 1924. Safari hii faini haikutosha. Mwezi wa Novemba 1924 Bibi Meyrick alihukumiwa miezi sita, akapelekwa Holloway. Mwezi huo huo nchi ilipata Waziri mpya wa Mambo ya Ndani, Sir William Joynson-Hicks, ambaye watu walimfupisha jina wakamwita Jix. Alikuwa wakili, mtu wa kanisa, asiyegusa pombe, mwenye koti refu la kizamani, na aliyeamini kwa dhati kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani ndiye mlinzi wa tabia za taifa. Kwake yeye vilabu vya usiku vilikuwa ni uozo wa kuondolewa. Si vilabu peke yake: mwaka 1928 riwaya ya Radclyffe Hall iitwayo The Well of Loneliness ilipigwa marufuku naye akiwa na mkono katika jambo hilo. Kanisa la Uingereza lilipotaka kubadilisha kitabu chake cha sala, alikuwa katika mstari wa mbele kupinga bungeni. Simcheki kwa imani yake. Mtu mwenye dini namheshimu. Ila nimesoma chuoni, na siku zote nikisoma habari za Jix hunijia kisa tulichosimuliwa na mwalimu wetu.

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti ya mtu nyumbani kwake. Akapanda ukuta, akamkuta amekaa na kinywaji. Alipomkemea, yule mtu akamwambia kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, basi Amiri wa Waumini amemwasi kwa matatu: amepeleleza, na Mungu amekataza upelelezi, amepita ukutani, na Mungu ameamrisha watu waingie majumbani kwa milango, na ameingia bila ya kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar, ambaye ukali wake watu waliuogopa, akakubali, akamwacha. Najua kwamba kilabu si nyumba ya mtu, na pombe iuzwayo kwa ada si siri ya mja na Mola wake. Hata hivyo Umar aliyapima makosa yake kwanza. Sijasoma popote kwamba Jix alipata kuupima ule ukuta alioupanda.

Bibi Meyrick akiwa ndani, mabinti zake waliendesha kazi. Alipotoka alikuta vilabu vimesimama, na akaongeza vingine. Mwaka 1927 akafungua Silver Slipper katika mtaa wa Regent, sakafu yake ya dansi ni ya kioo. Na jambo la ajabu ni kwamba katika miaka ile Jix alipokuwa akinguruma zaidi bungeni, Bibi Meyrick alipata raha ya miaka mitatu hivi. Misako ilipita kwa jirani. Ilipokuja kwake, gilasi zilikuwa zimekwisha ondolewa mezani na wateja wanakunywa maji ya matunda.

Wahenga wetu walisema penye udhia penyeza rupia.

Katika kituo cha polisi cha Vine Street, kilichosimamia sehemu hiyo ya mji, alikuwapo sajini mmoja, George Goddard, kazi yake ni vilabu na madanguro. Alikuwa na sifa njema ofisini, na wakubwa walimtegemea kwa kila habari. Mwaka 1922 sajini mwenzake, Horace Josling, alikwenda kwa wakubwa akawaambia kwamba Goddard anakula rushwa. Wakubwa walimchunguza Josling badala ya Goddard. Wakamwona mchongezi, na Josling akalazimika kuiacha kazi. Kisa hiki huwa hakitajwi sana watu wanaposimulia habari za malkia wa vilabu, kwa kuwa hakina muziki wala shampeni. Mimi nakiona ndicho kiini cha habari nzima. Mtu aliyesema kweli alifukuzwa, na aliyeila rushwa akabaki akilinda tabia za taifa kwa miaka sita mingine.

Mwezi wa Mei 1928 wakubwa wa Scotland Yard waliivamia The 43 kwa kutumia askari wa mahali pengine, bila ya kupitia kwa Goddard. Bibi akakamatwa, akafungwa miezi sita tena. Kabla mwaka haujaisha, barua isiyo na jina iliwafikia wakubwa, inaeleza mambo ya sajini. Safari hii ikasomwa. Wakachunguza, wakakuta kwamba mtu huyu anayepokea mshahara wa pauni sita na ushei kwa wiki ana nyumba yake mwenyewe Streatham, ana motokaa ya Kimarekani, na katika masanduku ya chuma aliyoyakodi mjini ana noti za kiasi cha pauni 12,000. Kwa mshahara wake, ingembidi afanye kazi zaidi ya miaka thelathini bila ya kula wala kuvaa ili kuzikusanya.

Kesi ikasikizwa Old Bailey mwezi wa Januari 1929 mbele ya Jaji Avory, ambaye hakuwa mtu wa kucheka. Goddard alijitetea kwamba alibahatika katika mbio za farasi, kwamba alifanya biashara ya fedha za kigeni, na kwamba alipata faida kwa peremende zilizouzwa katika maonyesho makubwa ya Wembley. Hebu hesabu mwenyewe ni peremende ngapi. Kilichomwangusha ni nambari za noti. Siku hizo benki za Kiingereza ziliandika nambari za noti kubwa zilipotolewa, na noti zilizokutwa katika masanduku ya sajini zilifuatwa nyuma mpaka benki, na kutoka benki mpaka kwa Bibi Meyrick na kwa mwenye kilabu mwingine, Mtaliani Luigi Ribuffi. Goddard akapata miezi kumi na minane ya kazi ngumu na faini ya pauni 2,000. Bibi Meyrick na Ribuffi wakapata miezi kumi na mitano ya kazi ngumu kila mmoja. Josling, yule wa mwaka 1922, akalipwa fidia. Jina lake lilisafishwa, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha potea zamani.

Sasa tazama nani aliingia jela na nani hakuingia. Waliokuwa wakinywa baada ya saa, wana wa malodi na maofisa, waliandikwa majina, pengine wakatozwa faini, wakarudi majumbani. Wakubwa wa Goddard, waliompuuza Josling, hakuna aliyepandishwa kizimbani. Jix mwenyewe aliondoka uwaziri mwezi wa Juni mwaka ule serikali yake iliposhindwa katika uchaguzi, akapewa cheo cha ulodi. Holloway ikabaki na mwanamke wa miaka hamsini na mitatu.

Nilipokuwa mtoto Mombasa, katika miaka ya 1980, meli za kivita za Marekani zilikuwa zikitia nanga Kilindini, na usiku ule mji ulikuwa haulali. Sisi wa chuoni tulipita barabarani baada ya sala ya Alfajiri, misahafu imefungwa kwa kitambaa, tukawaona wanawake wakipakiwa kwenye gari la polisi, viatu mkononi, nyuso zimefunikwa kwa khanga. Mabaharia waliokuwa nao walikuwa wakirudi bandarini kwa miguu, wanaimba. Mwalimu alituamrisha tuinamishe macho, tukainamisha. Lakini nilikuwa nimekwisha ona, na swali nililokuwa nalo siku ile sikuthubutu kumwuliza mwalimu.

Kazi ngumu ya Holloway ilimvunja Bibi Meyrick mwili. Alitoka mwanzoni mwa mwaka 1930, amekonda. Watu wangedhani sasa ameacha. Hakuacha. Akafungwa miezi sita mwaka huo huo, na mwaka 1931 akafungwa tena. Sidhani kama ulikuwa ni ukaidi peke yake. Fedha nyingi zilizopita mikononi mwake, ambazo magazeti yalikisia kuwa nusu milioni ya pauni, zilikuwa zimekwenda kwa mawakili, kwa faini, kwa karo za skuli na kwa marafiki waliomshauri vibaya. Mtu aliyejenga nyumba juu ya mchanga hana budi kuwa kila siku anaongeza mchanga. Mwaka 1932 aliahidi mbele ya korti kwamba hatashika tena uendeshaji wa kilabu, na safari hii hakurudi.

Mabinti nao walikuwa wamepata bahati zao. Dorothy aliolewa mwaka 1926 na Lord de Clifford, kijana ambaye hakuwa amefikia umri wa kuoa bila ya idhini ya mzazi, akadanganya umri, akapigwa faini. Mary aliolewa mwaka 1928 na Earl wa Kinnoull. Binti wa tatu, Irene, aliolewa na Earl wa Craven mwaka 1939, mama yao akiwa amekwisha fariki. Basi yule yule mwanamke ambaye serikali ilimwona mharibifu wa jamii alikuwa mkwe wa malodi waliokuwa na viti katika Bunge la juu, ambalo Jix naye aliingia alipopewa ulodi. Waingereza walilicheka jambo hilo, na wanaendelea kulicheka. Mwandishi Evelyn Waugh, ambaye alipata kuja mpaka kwetu Zanzibar na Kenya na akaandika kitabu cha safari hiyo mwaka 1931, alimtia Bibi Meyrick katika riwaya zake kwa majina ya kubuni. Katika Brideshead Revisited ya mwaka 1945 yumo, ameitwa Ma Mayfield, naye kilabu chake ndicho kinachowapeleka vijana wa kiungwana mikononi mwa polisi.

Bibi Meyrick alifariki tarehe 19 Januari 1933 kwa homa ya mafua iliyoshuka kifuani. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na saba. Jix alikuwa amemtangulia kwa miezi michache, katika mwaka 1932. Mali aliyoiacha ilikuwa kidogo sana kwa mtu aliyeitwa malkia. Alikuwa ameandika kitabu cha maisha yake, Secrets of the 43, kikatoka mwaka ule ule yeye akiwa kaburini. Ukikisoma unamwona mama anayejitetea bila ya kulia, anayewataja wateja wakubwa kwa heshima kuliko walivyostahili, na anayesimulia mengi ya usiku ila si yote.

Mtaa wa Gerrard leo ni moyo wa mitaa ya Wachina wa London, umejaa mikahawa na maduka ya vyakula, na watu hupita usiku na mchana. Nyumba namba 43 ipo. Kibao kilichopo ukutani kinamtaja Dryden.